Krismasi kwa Mngoni wa Mnazi Bay

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu "safari ilikuwa nzuri", kisha nikabadilisha mazungumzo. Naona hamridhiki. Basi naandika mara moja, msome nyie watatu mnaojua mimi ni mtu wa namna gani, na mkishasoma karatasi hizi ziwashieni jiko. Mkaa siku hizi mbichi, zitafaa.

Mnanijua. Mimi nikitumwa Kihonda naaga kama nakwenda Ulaya. Kitanda changu, kiti changu cha kamba, chai yangu ya jioni. Nje ya hapo sina dunia. Mliposikia nimepanda basi kwenda Mtwara mwezi wa Desemba, mvua zimeshaanza, mlijua pana jambo. Jambo lenyewe ni Oswini.

Kwa yule kati yenu ambaye hakumfahamu vizuri: Oswini ni mganga wa zahanati, Mngoni wa Songea, tuliyepanga naye nyumba moja hapa Morogoro, vyumba vinatazamana. Mimi Mhehe. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, ndiyo maana leo sisi ni watani, na mtani ana ruhusa zake. Anaweza kuchukua kofia yako akaondoka nayo. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo, kama sisi Wahehe tunavyoitwa wala mbwa. Wewe huruhusiwi kukasirika; anayekasirika ndiye mwenye kosa, na anatozwa kuku. Chini ya ruhusa hiyo mimi na Oswini tulisema kila kitu. Nilimwita mke wangu katikati ya soko, watu wakacheka. Yeye alinivua shati mlangoni akasema ni nyara za vita, watu wakacheka zaidi. Na mlango ulipofungwa tuliendelea kutaniana, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Kila mmoja alikuwa na hofu yake. Yeye aliwahi kuondolewa seminari kwa ajili ya rafiki, na rafiki huyo sasa ni padri. Wakikutana njiani padri anatazama miti. Mimi niliwahi kumpenda mtu, akaniomba niwe msimamizi wa harusi yake. Suti ya kazi hiyo ninayo mpaka leo, inanibana. Watu wa namna hii hawaulizani wanapendana au vipi. Wanaulizana, "Leo unakula nini, mla mbwa wee?"

Kisha akahamishiwa kusini. Siku ya kuondoka alisema, "Krismasi njoo." Nikajibu, "Nitakuja kukuoa." Wapangaji wote wakacheka, na gari likaondoka. Tangu hapo nikawa najiuliza kama lile "njoo" lilikuwa la utani au la kweli. Nilikwenda kuuliza hilo tu.

Kando ya Rufiji

Mpaka Kibiti sikuwa na la kulalamikia isipokuwa kila kitu. Mtoni ndipo tulipokwama. Rufiji ilikuwa imejaa, rangi ya chai ya maziwa, na pantoni ilikuwa imefungwa ng'ambo ya pili kama mtu aliyenuna. Dereva alizima gari, akatandika mkeka chini yake, akalala. Hapo nikajua hatuendi popote.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja aitwaye Bi Somoe, alikuwa anatoka Dar es Salaam kumtazama binti yake aliyejifungua, anarudi kwake Mtwara. Alinikagua tangu nilipopanda. Shati langu jipya nilikuwa nimelining'iniza dirishani lisijikunje, na kila tulipoingia shimoni nililishika kwanza lile shati, kisha nikajishika mimi.

"Unakwenda kuoa," akasema. Hakuuliza.

"Nakwenda kumtazama mtani wangu."

"Mtu haendi Mtwara na mvua hizi kwa ajili ya mtani."

Chakula kilichokuwapo pale mtoni ni wali na kambale, asubuhi na jioni. Mnajua mimi na kambale. Yule samaki ana masharubu kuliko mjomba wangu. Siku ya kwanza nilikula wali mtupu. Siku ya pili njaa ikanishika kola. Bi Somoe alinisogezea sahani yake, akasema, "Kula, bwana harusi, huyo mwanamke asije akadhani kaletewa ufito." Nikala. Kambale ni mtamu, na hilo mkimwambia mtu mwingine nitakana.

Mvua ilinyesha juu ya bati la basi mchana kutwa. Sikuwa na la kufanya ila kufikiri, na nikifikiri siku zote naishia kwenye kurudi nyumbani. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na lori linaloelekea Dar es Salaam, lina nafasi. Nilikwenda mpaka kwa dereva wake. Nikamuuliza kama ana kiberiti. Sivuti sigara.

Tulipovuka hatimaye, gari likiyumba juu ya yale maji, nilifumba macho mpaka upande wa pili. Bi Somoe alinishika mkono bila kunicheka.

Mpapura

Nangurukuru na Lindi nilizipita nimelala mdomo wazi, kwa hiyo msiniulize zikoje. Niliamka basi likiwa limelalia ubavu mmoja kwenye tope, si mbali na Mpapura, na kondakta anasema wanaume wote washuke wasukume. Nilitazama nyuma kuona wanaume wenyewe ni akina nani. Kumbe na mimi.

Nilisukuma. Tairi lilinirushia tope kuanzia nywele mpaka soli za viatu, na basi halikwenda popote. Tukaachia, tukatembea mpaka kwenye nyumba za karibu kujikinga mvua. Zilikuwa nyumba mpya, zimepangwa mstari kama madawati, za watu waliohamishwa kutoka mashambani mwao. Mwenye nyumba tuliyoingia alituletea mihogo ya kuchemsha na kinywaji cha mabibo, yale matunda ya mkorosho, ndani ya kata. Nikadhani ni maji ya matunda. Nilikuwa na kiu, nikanywa kata nzima, nikaomba ya pili. Watu wakatazamana.

"Huyo ni uraka, kaka," Bi Somoe akasema. "Unalewesha."

Alikuwa amechelewa. Nasikia nilisimama nikawaeleza wasafiri kwamba Wangoni ni watu wabaya sana, wanachukua shati la mtu na hawalirudishi, na kwamba nitalifuata hata kama liko mwisho wa nchi. Kisha nikalia kidogo. Walinilaza kwenye gunia la korosho. Nilipozinduka Bi Somoe alikuwa amenifuta uso kwa upande wa khanga, na kwenye mapaja yangu ameniwekea fungu la ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini wanavyovipenda kule.

"Mpelekee shemeji yangu," akasema. "Na ukifika usimpigie kelele kama ulizotupigia sisi."

Ufukoni

Oswini alikuwa ameniagiza nikifika Mtwara nishukie Ufukoni, kwa Mama Furaha, mke wa karani wa bandari, Wanyakyusa, ambao yeye akija mjini hulala kwao. Nilifika nimechelewa siku nyingi, nimekauka tope, natembea kama mlango. Mama Furaha alikuwa uani anachambua mchele wa Krismasi. Bandarini meli ilikuwa inapakia korosho na mumewe hakuwa ameonekana nyumbani tangu juzi.

"Wewe ndiye Alfonsi?" akauliza. "Mhehe mwenyewe?"

"Nilikuwa mimi kabla ya Mpapura."

Hakucheka. Alinipa maji ya kuoga, na nilipotoka akaniambia wakati anapakua kisamvu, "Mwenzio amesubiri mpaka akakata tamaa. Kila basi likiingia anakwenda kusimama pale stendi, mvua inamnyeshea. Nikamwambia, mganga, huyo mtani wako amekulaghai, amekaa kwake anakunywa chai. Akasema ndivyo alivyo. Jana amerudi kijijini."

Nikasogeza sahani ya kisamvu kando. Ndivyo alivyo. Hata mimi ningesema hivyo.

Kizuizi

Kesho yake, mkesha wa Krismasi, nilipata lori la unga linalokwenda upande wa Mnazi Bay. Nililala juu ya magunia nikiwa na mzigo wangu: ming'oko, chupa moja ya mvinyo wa Dodoma, na sukari kilo mbili, ambayo nyie mnajua nilivyoipata, foleni mnaijua. Sikufikiria kwamba kule ni mpakani. Mgambo walitusimamisha, wakafungua mzigo, wakaiona sukari. Sura zikabadilika.

"Unaivusha," akasema mkubwa wao. "Ng'ambo ya Ruvuma wanainunua."

"Naipeleka kwa mganga wa zahanati."

"Wewe ni nani wake?"

Hapo nilisimama, magunia yananyeshewa, bunduki inanitazama tumbo. Niliona kwamba sina jibu. Si mke, si kaka, si mwenzake wa kazi. Kisha mdomo wangu ukanisaidia kama kawaida yake.

"Mimi Mhehe, yeye Mngoni. Ni mtumwa wangu wa vita, nakuja kumtazama kama bado hai."

Yule mkubwa akaanza kucheka. Kumbe bibi yake Mngoni. Alinitukana vizuri sana, kwa ufundi, akachota sukari yangu kikombe kimoja kwa haki ya utani, akatuachia. Nilipanda tena juu ya magunia nikiwa na furaha. Furaha hiyo ilidumu kama mita mia, kisha ikanijia aibu, kama ya mtu aliyemkana mwenzake, ambayo sikuielewa mpaka baadaye.

Kijijini

Jina la kijiji silitaji. Kipo mbele ya Mnazi Bay, karibu na pale Ruvuma inapoingia baharini, na maji yake hayajui kama ni ya chumvi au baridi. Lori liliniacha, nikatembea kando ya mikoko, viatu mkononi, nikafika jioni kabla giza halijaingia. Oswini alikuwa mlangoni mwa zahanati anakausha kioo cha taa kwa shati lake. Alikuwa amekonda. Alinitazama muda mrefu, mkono umesimama juu ya kioo.

Pembeni alikuwapo mzee mmoja, balozi wa nyumba kumi, aliyekuja kufungwa kidonda. Kwa hiyo Oswini akasema, "Mla mbwa, umechelewa. Tumekwisha kula."

Nami nikasema, "Na huyo mke wangu yuko wapi, au amekufa kwa uvivu?"

Mgeni akilala kijijini sharti balozi ajue, hasa mpakani. Balozi Chande alituuliza tunajuanaje, Oswini akasema ni mtani wake, balozi akacheka mpaka bandeji ikalegea. Mambo yakaisha hapo. Mimi nilianza kuhesabika mtu wa kijiji kile kwa neno hilo moja.

Krismasi

Kijiji kizima ni Waislamu, Wamakonde wengi wao, na Mkristo ni Oswini peke yake. Hakuna kanisa wala kengele. Asubuhi tulisali wawili ndani, yeye padri, mimi kanisa zima, mvua inapiga makuti. Alisoma habari za watu waliokosa nafasi ya kulala. Alisoma vizuri, sauti ile ya seminari, na mwishoni akafunga kitabu akaanza kuchuja chai.

"Ukikaa huku," akasema, macho yake kwenye chujio, "ungefanya kazi gani?"

Jamani. Mtu amesafiri nchi nzima kuuliza swali, anakuta analetewa jibu na kikombe cha chai. Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Ningekuwa mke wa pili wa balozi."

Akacheka kidogo. Akaendelea kuchuja chai ambayo ilikwisha chujwa.

Mchana wakaja balozi na mkewe, Mama Zainabu. Balozi ndiye aliyemchinja kuku, kwani Oswini hachinji mwenyewe, ili sahani iwe ya wote. Mama Zainabu alileta pweza na wali wa nazi, akatuambia, "Hongereni na sikukuu yenu, ingawa mko wawili kama macho." Mvinyo ulikuwa umefichwa nyuma ya chupa za dawa ya kikohozi. Tulikula. Balozi alisimulia mikorosho yake iliyobaki kwenye mahame, kule alikohamishwa; kwenda ni nusu siku, akifika anakuta nyani wamemaliza. Alisimulia bila hasira, kama anamtaja ndugu aliyezikwa mbali.

Kisha akageukia jambo lililomleta.

"Nganga, tumezungumza na wenzangu. Waliokutangulia hapa wote waliondoka. Mtu mwenye mke haondoki. Kuna mtoto wa ndugu yangu, Asha, unamfahamu, ulimtibu homa. Dini mtazungumza wenyewe."

Oswini alisahau tonge mkononi. Alikuwa ananitazama mimi. Sikuzoea kutazamwa namna ile, na uso ulipata moto, na mdomo ukafanya kazi yake.

"Balozi, umechelewa. Huyu haozeki. Mahari nimelipa mimi, nimemaliza ng'ombe wa ukoo, na tazama nilichopewa, mke hajui hata kuchuja chai."

Balozi akajipiga paja kwa kucheka. Mama Zainabu akaziba mdomo kwa khanga. Sasa ilikuwa zamu ya Oswini kunitukana. Hiyo ndiyo desturi, ilikuwa wazi, hata mtoto angejua. Yeye akaweka tonge chini.

"Acha," akasema. "Umekuja huku kote kunichekesha? Hivyo tu?"

Akatoka akaenda zahanati, mvua inanyesha.

Mama Zainabu akasema taratibu, "Lakini ntani hakasirikiwi."

"Kakasirika," balozi akasema. "Basi ni kuku. Atalipa." Alicheka, ila jicho lake lilibaki kwangu, likaenda mlangoni, likarudi kwangu. Watani wanakasirikiana wakati gani? Wakati lililosemwa ni la kweli. Mzee yule hakuwa mjinga, na mimi pia, kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Walipoondoka nilimfuata zahanati. Alikuwa anapanga chupa zilizokwisha pangwa.

"Alipomtaja Asha nilikuwa nakusubiri," akasema bila kugeuka.

"Nifanye nini?"

"Unyamaze. Nikuone uso. Tangu nikufahamu nasikia mdomo tu."

Nilitafuta la kusema. Yaliyokuja yote yalikuwa ya kuchekesha, nikayameza moja moja. Mwishowe nikasema, "Nilikula kambale."

Akageuka. "Wewe?"

"Rufiji. Asubuhi na jioni. Na nikasukuma basi."

Alinikodolea macho. Nadhani ndipo aliponiamini, kwa sababu ananijua kama nyie mnavyonijua. Nikamwambia Mama Furaha alinieleza habari za stendi.

"Nilikuwa nafuata dawa mjini."

"Dawa gani?"

Akageuza chupa moja mkononi. Mvua. "Sikuwa nafuata dawa," akasema.

Mengine ni yetu. Niseme tu kwamba alikaa sakafuni, mimi nikakaa naye, mgongo wake kifuani kwangu, na hatukutaniana.

Kurudi

Siku zilizobaki ndani ya nyumba hatukutaniana hata mara moja. Tuliogopa kama watoto waliopewa chombo cha kioo. Alinieleza habari za yule padri, nami nikamweleza ya suti, na hakuna aliyecheka. Taabu ilikuwa nje. Tulijaribu, mbele za watu, mla mbwa, mla panya, lakini maneno yalitoka yamepoa kama uji wa jana.

"Mbona hamtukanani?" Mama Zainabu akauliza kisimani. "Mmegombana?"

Oswini alimjibu balozi kuhusu Asha kwa kifupi kwamba haoi. Balozi hakubisha. Jioni ile alipita akauliza mgeni anaondoka lini. Kesho yake akauliza tena. Pweza hakuletwa.

Asubuhi ya kuondoka watu walikusanyika kuona faini inalipwa, maana wanapenda mambo hayo. Oswini alinikabidhi kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa ukili. Ilikuwa sasa amtukane Mhehe, na Mhehe amtukane Mngoni, watu wacheke, lori liondoke. Yeye akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ufike salama, Alfonsi." Nami nikasema, "Asante." Watu wakatazamana. Hawakupata walichokijia.

Alinisindikiza hatua chache mbele yao.

"Ukija tena," akasema chini chini, "usije kama mtani."

"Nije kama nani?"

Alifungua mdomo. Akatazama nyumba zile zilizopangwa mstari, kila kumi na balozi wake. Akaufunga.

Nyumbani

Nimerudi. Kuku alitaga kwenye basi, karibu na Lindi, na kondakta akadai yai ni lake. Sasa kuku analala chini ya kitanda changu, na mimi nakaa kwenye kiti changu cha kamba na chai yangu, na kwa mara ya kwanza naona kiti hiki kinaumiza mgongo.

Mnauliza jibu nililipata? Nililipata. Lile "njoo" lilikuwa la kweli. Kilichokosekana ni mahali pa kuliweka.

Pasaka nitakwenda tena. Mgambo watauliza mimi ni nani wake, nitasema mtani, nitawachekesha. Balozi atauliza, nitasema mtani, nitacheka kuliko yeye, nitamtukana Oswini kijiji kizima kisikie, na yeye nimeshamwomba kwa barua anitukane vibaya zaidi, asikasirike hata nikisema nini. Kisha tutaingia ndani, tutafunga mlango, na tutanyamaza.